Mjuzi wa Siku Moja: Namna ya Kuzuga Kwenye Maonyesho ya Treni Ndogo

Basi umeshakubali. Mfanyakazi mwenzako wa Kimarekani, yule mpole asiyeongea kazini, amekwambia Jumamosi mwende York, Pennsylvania, kuangalia treni, nawe ukaitikia kwa adabu ya nyumbani ukidhani mnakwenda stesheni. Si stesheni. Ni uwanja wa maonyesho wenye kumbi kadhaa zinazotajwa kwa rangi. Kila Aprili na kila Oktoba kumbi hizo hujaa meza, meza hujaa treni za kuchezea, na nyuma ya kila meza ameketi mzee anayejua siku ya kuzaliwa ya kila skrubu. Wenyeji ni chama cha wakusanyaji treni, TCA, kilichoanzishwa mwaka 1954. Watu husafiri kutoka majimbo ya mbali kuja kushikana mikono na kudanganyana bei.

Wewe hujui hata tofauti ya behewa na tenda. Usihofu. Fuata maelekezo haya na jioni utaondoka na heshima zako zote. Ujuzi hautahitajika.

1. Beba maneno manne, uishie hapo

Mwenye bidii husoma wiki nzima, kisha anaumbuka mbele za watu kwa sababu anathubutu kujibu maswali. Wewe usijibu. Maneno manne yanatosha.

La kwanza ni Lionel, kampuni iliyoanzishwa New York mwaka 1900 na Joshua Lionel Cowen. Ndiyo dini kuu ya ukumbi ule. La pili ni "kabla ya vita", maana yake hadi 1942, Lionel ilipoachana na treni ikatengeneza vifaa vya jeshi la majini. La tatu ni "baada ya vita", kuanzia 1945. Vita yenyewe ni ile ya pili, usiulize. La nne ni geji, upana kati ya reli na reli.

Mtu akikuonyesha kitu, kitazame, vuta pumzi, uulize: "Hii ya kabla ya vita?" Akisema ndiyo, itikia kwa kichwa taratibu. Akisema hapana, itikia vilevile, ila uinue nyusi kidogo. Nusu ya siku imekwisha.

Ukitaka na kionjo cha historia, chukua hiki. Treni ya kwanza ya Cowen, ya mwaka 1901, haikukusudiwa watoto. Ilikuwa kigari cha umeme cha kuzunguka kwenye dirisha la duka ili wapita njia wavutike waingie kununua bidhaa nyingine. Wakavutika kweli, wakaziacha bidhaa, wakataka kigari. Simulia hiki mara moja tu, na usimsimulie mtu aliyevaa kofia ya dereva wa treni. Huyo atakusahihishia jina la mtaa.

2. Soma beji kabla ya kusoma uso

Wanachama huvaa beji zenye jina na namba, na namba huanza na tarakimu mbili za mwaka waliojiunga. Ukiona 62, shusha sauti na umwamkie kwa unyenyekevu wa mjukuu. Ukiona 21, mpite. Huyo naye anazuga, na wazugaji wawili wakikutana hakuna wa kumzuga mwenzake. Wewe ukipewa beji ya mgeni, iache ijigeuze. Beji hujigeuza zenyewe zikisaidiwa.

Hapa nikupe siri ambayo watu hulipia ada ya uanachama miaka thelathini bila kuigundua. Ukumbi mzima umejaa wajuzi. Kila mmoja amekuja na maarifa kichwani, na nyumbani kwake hakuna mtu anayetaka kuyasikia tena: mkewe ameyasikia, watoto wamehama, mbwa analala. Mjuzi mwingine ni kero kwao. Kinachoadimika pale ni mtu mwenye masikio mawili na kiti. Ukikaa, ukanyamaza, ukasema "eeh?" mahali panapostahili, jioni utasikia mzee akimwambia mwenzake kwamba yule kijana kutoka Afrika anazijua treni sana.

3. Usiulize kwa nini reli ni tatu

Mgeni hujitambulisha kwa swali moja, tena kwa sauti kubwa: "Mbona hii reli ina vyuma vitatu?" Treni ya kweli ina viwili, na aliyewahi kupanda ya Kigoma hahitaji kuambiwa. Jibu nakupa hapa hapa ili usije ukauliza. Umeme huingia kwa reli ya kati na kurudi kwa zile za pembeni, hivyo njia inaweza kujipinda na kujirudia yenyewe bila kupiga shoti. Mtoto anapanga apendavyo sebuleni, na nyumba haiungui.

Kuhusu ukubwa, usihangaike na vitabu, tumia mkono, kuanzia kifundo chake hadi ncha za vidole. Behewa la mizigo ambalo kwenye reli ya kweli lina futi 40 huwa na sentimita 25 hivi kwenye kipimo cha O, ambacho ni moja kwa 48. Kwenye HO, moja kwa 87, lina sentimita 14. Kwenye N, moja kwa 160, halifiki 8. Kwa hiyo likizidi mkono wako mzima, sema O. Likilala kati ya kifundo na ncha za vidole, sema HO. Likipotea kiganjani, sema N, na uangalie usiondoke nalo. Likiwa sawasawa kabisa na mkono wako, ni kipimo cha S cha treni za American Flyer, au una mkono mdogo.

Tena usione haya kuzuga, mchezo huu una waasisi wakubwa kuliko wewe. Mwaka 1906 Cowen alitoa reli yenye upana wa inchi 2 na moja ya nane, kipimo ambacho kiwanda kingine chochote hakikukitumia, akakiita Standard, kana kwamba dunia nzima ilishakaa kikao ikakubaliana. Kisha akalisajili jina. Washindani walipokuja kukifuata kipimo chake, ikawabidi kukiita Wide. Mzee Cowen angetamba hata Kariakoo.

4. Igeuze tumbo juu

Hii ndiyo hatua ya kuifanyia mazoezi nyumbani, hata kwa pasi.

Omba ruhusa kwanza. Ukiruhusiwa, shika kwa mikono miwili, maana injini nyingi za baada ya vita zina mwili wa chuma cha kumimina na ni nzito kuliko zinavyoonekana. Wageni wote huzitazama kwa juu: bomba la moshi, taa, namba ubavuni. Wewe usiangalie huko kabisa. Igeuze.

Tumboni, katikati ya magurudumu, utaviona vigurudumu vidogo vinavyobiringika juu ya reli ya kati na kuchota umeme. Visogeze karibu na jicho. Pitisha ukucha juu yake polepole. Ukucha ukiteleza bila kukwama, injini ile ilikaa kwenye boksi. Ukidumbukia kwenye mfereji mwembamba uliochimbwa na reli, basi treni hii imeuzunguka mti wa Krismasi kwa miaka mingi, na muuzaji anayekwambia "imewashwa mara mbili tu" anamaanisha mara mbili kila jioni. Usimwambie. Guna tu: "Mmh." Kisha irudishe mezani kwa upole kupita kiasi. Muuzaji mzoefu aliyeona ukucha ulipopita na kulisikia guno ataanza kupunguza bei mwenyewe, na wewe bado hujafungua mdomo.

Ikiwa ni ya kabla ya vita, itafute nyufa. Zinki iliyoingiliwa na madini ya risasi kiwandani huoza ndani kwa ndani. Inavimba, inapinda, inapasuka, na mwisho inamegeka vidoleni. Haina dawa, na wala si kosa la mwenye nayo, ambaye huenda aliitunza vizuri kuliko meno yake. Hapa unaruhusiwa kusikitika, na kwa mara ya kwanza leo hutakuwa unazuga.

Wengine hubeba tochi ndogo ya mwanga wa zambarau, ileile ambayo wenye maduka hukagulia noti bandia, kwa sababu rangi ya kiwandani na rangi iliyopakwa juzi haziakisi mwanga ule kwa namna moja. Ibebe hata kama huwezi kuisoma. Iwashe, izime, irudishe mfukoni. Usiseme neno.

5. Ukiulizwa alama, sema saba

Hali ya treni hupimwa kwa C-1 hadi C-10. Kumi ni ile ambayo haijaguswa, nane ni kama mpya, tano ni nzuri tu. Desturi ya ukumbini ni kwamba cha kwangu ni nane na cha jirani ni sita, hata kama jana kilikuwa cha kwangu. Kwa hiyo sema "saba", kisha ongeza: "lakini saba ya heshima." Hujamwudhi mtu.

6. Liheshimu boksi tupu

Akili ya kawaida iache mlangoni. Utaona boksi la karatasi ngumu, la rangi ya chungwa na buluu, limefunikwa nailoni, na ndani hamna kitu. Linauzwa. Usicheke, na kwa jina la wazazi wako usiulize treni yake iko wapi.

Ukifikiri kidogo utaona wana haki. Mtoto wa mwaka 1950 alipopewa treni, treni ilibaki kwa sababu ni chuma, boksi likaenda jikoni kuwashia moto au likakanyagwa siku hiyohiyo. Kwa hiyo leo treni zipo na maboksi hayapo. Mwenye treni bila boksi hulala vibaya. Kuna wanaochapisha maboksi mapya yanayofanana na ya zamani, na kuna wanaonunua boksi feki ili kulifariji boksi halisi lililopasuka. Wewe kagua vifuniko vya pembeni tu. Vikiwa vyote vipo, sema: "Masikio yote yapo." Sentensi hiyo imewahi kuwapatia watu chakula cha mchana cha bure.

Na ukikutana na treni ya waridi, tahadhari. Mwaka 1957 Lionel iliamua kwamba wasichana nao wapate treni yao, ikaipaka injini rangi ya waridi na mabehewa rangi laini za keki. Wasichana wakaikataa, kwani waliopenda treni walitaka inayofanana na treni, nyeusi, kama ya kaka zao. Ikadoda madukani. Leo ile iliyododa ndiyo inayotafutwa kwa udi na uvumba, na kwa sababu hiyo injini nyeusi za kawaida zimepakwa waridi na mafundi wenye njaa. Ukiiona usiseme "nzuri". Sema: "Hii ni yenyewe?" Kisha ondoka kabla ya jibu. Jibu lina nusu saa.

7. Ukiishiwa, imba

Mazungumzo yakikauka, taja wanamuziki. Neil Young aliingia kwenye kundi lililoinunua Lionel mwaka 1995, na alishiriki kutengeneza mitambo ya kuendesha treni kwa rimoti ili mwanawe mwenye ulemavu aweze kucheza naye. Rod Stewart alitumia zaidi ya miaka ishirini kujenga mji mzima wa treni nyumbani kwake Los Angeles, na akiwa ziarani alikuwa akichukua chumba cha ziada hotelini kwa ajili ya kazi hiyo. Chagua mmoja. Ukiwataja wote wawili kwa mtu mmoja utaonekana umesoma mahali.

8. Toa Garratt

Hatari kubwa ya siku ni mzee atakayekugeukia na kuuliza: "Na wewe unakusanya nini?"

Usiseme unaangalia tu. Usiitaje Lionel pia, maana atakupeleka kwenye namba za injini na huko utazama. Mjibu kwa utulivu wa mtu aliyezaliwa karibu na reli: "Garratt za Afrika Mashariki. Daraja la 59."

Kimya kitakachofuata ni mali yako, kifaidi. Kisha mmegee kidogo kidogo. Zilikuwa injini 34, zilizoundwa na Beyer Peacock wa Manchester katikati ya miaka ya 1950. Kila moja ilikuwa na seti mbili za magurudumu, mbele na nyuma, na boila limening'inia katikati. Zilizidi tani 250, nazo zilipanda kutoka Mombasa hadi Nairobi juu ya reli yenye upana wa mita moja tu. Zilipewa majina ya milima. Mbili bado zipo kwenye makumbusho ya reli ya Nairobi, Mount Gelai na Mount Shengena, na milima yote miwili iko Tanzania, jambo ambalo Mmarekani hana haja nalo lakini mtu wa Same anayesoma hapa ataelewa kwa nini nimelitaja.

Atakuuliza modeli yako iko wapi. Jibu: "Iko kwa fundi." Huo si uongo wa kukuchoma moyo. Sisi sote tuna kitu kwa fundi, na hakuna anayejua kitarudi lini.

Mara mojamoja utakutana na mzee aliyewahi kusimama Voi na kamera yake wakati injini zile zinapita. Usikimbie. Vuta kiti, umwambie: "Hebu nisimulie." Hapo umepona, na huenda ukajifunza kitu bila kukusudia.

9. Kununua

Uliapa hutanunua. Kila mtu aliapa.

Wakongwe hawasubiri milango ifunguliwe. Siku chache kabla, biashara huwa tayari imeanza kwenye mahoteli na maegesho ya mjini, katika mikutano ambayo wenyewe huiita ya majambazi, ingawa kitu cha hatari utakachokikuta pale ni kahawa. Kule wewe usiende. Huko watu wanajua wanachokitafuta, na wataona haraka kwamba wewe hujui.

Nenda kwenye meza za Marx. Hizi ni treni za bati zilizouzwa kwa bei nafuu kwa watoto ambao baba zao hawakuimudu Lionel. Wauzaji wake wamezoea kupitwa bila salamu, kwa hiyo ukisimama tu wanakupenda. Kiasi kidogo cha pesa kitakupatia injini ya kuzungusha kwa ufunguo, yenye rivuti zilizochorwa kwa rangi, na hadithi ya mtu aliyeipata Krismasi ya utotoni. Hadithi haipimwi C.

Kwenye bei, jizuie. Mafunzo uliyopata mitumbani yatakuponza. Ukitaja nusu ya bei kama kawaida yako, muuzaji hatacheka wala hatakuita mteja wangu, bali atadhani umemtukana yeye na marehemu baba yake aliyemwachia treni. Uliza: "Kwa pesa taslimu, ungeniachia kwa ngapi?" Kisha fumba mdomo. Usimsaidie. Hesabu mabehewa ukutani. Anayeongea wa kwanza ndiye anayelipa tofauti. Na ukiweza, fanya hivi saa za mwisho, wakati mgongo wa muuzaji umeanza kumkumbusha kwamba kila kisichouzwa atakibeba mwenyewe hadi garini.

10. Kuingia nacho nyumbani

Kiache kwenye buti la gari mpaka watu walale. Kama ni seti, ingiza behewa moja kila siku. Akiuliza mwenzio, sema ni ya mtoto, kisha mkataze mtoto kuigusa. Kama hamna mtoto, sema ni uwekezaji, ila usiseme hivyo zaidi ya mara mbili kwa mwaka.

Likija swali la bei, na litakuja, jiandae tangu ukiwa York. Meza za vitabu huuza katalogi za zamani zilizochapwa upya. Nunua ya mwaka ambao injini yako ilitengenezwa, hata kama umebakiwa na nauli tu. Ukiulizwa, ifungue mbele yake, weka kidole kwenye picha, isome bei iliyoandikwa pale kwa sauti ya mtu asiye na cha kuficha, kisha ifunge haraka kabla hajaona ni ya mwaka 1952.